Seva ya Barua Pepe Kazini: Gharama Isiyoandikwa kwenye Profoma

Ukiomba bei ya seva ya barua pepe ya ofisi, utaletewa profoma yenye mistari minne au mitano: mashine, leseni, ufungaji, mafunzo, labda na matengenezo ya mwaka wa kwanza. Mstari wa masasisho mara nyingi haumo. Seva hiyo lakini itakaa wazi kwa dunia nzima usiku na mchana, maana kazi yake ni kupokea barua kutoka kwa yeyote. Kila tundu linalogundulika kwenye programu zake lazima lizibwe, na kuziba kunahitaji mtu anayejua kazi, saa zake, nakala ya akiba na nafasi ya kujaribu kabla ya kufunga.

Makala hii inalinganisha njia nne za kuwa na barua pepe ya kazini kwa kipimo hicho kimoja: nani atasasisha, lini, na kwa gharama gani. Msimamo wangu ni kwamba umtafute kwanza mtu wa kusasisha, ndipo uangalie bei ya mashine. Anayeanza na bei ya mashine huishia kulipia kitu ambacho hakuna anayekitunza.

Hasara ya kuchelewa, na hasara ya kukurupuka

Tarehe 2 Machi 2021, Microsoft ilitoa viraka vya dharura vya Exchange, programu yake ya seva ya barua pepe, nje ya ratiba yake ya kawaida. Katika siku chache, makumi ya maelfu ya seva duniani zilikuwa zimeingiliwa. Mamlaka ya Mabenki ya Ulaya ililazimika kuzima mfumo wake wa barua pepe. Mwezi uliofuata, mahakama nchini Marekani iliiruhusu FBI kuingia katika mamia ya seva za watu wengine na kufuta milango ya siri ambayo wadukuzi walikuwa wameiacha. Wenye seva wengi walikuwa wameshafunga kiraka bila kujua kwamba mgeni yumo ndani tayari. Kiraka humzuia anayekuja. Aliyekwisha kuingia hakimtoi.

Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Rackspace, kampuni kubwa ya Marekani iliyokuwa ikiwahifadhia barua pepe za Exchange wateja wapatao 30,000. Kiraka cha tundu jipya la Exchange kilitoka Novemba 2022. Kampuni ilitumia kinga ya muda badala ya kiraka chenyewe, kwa kuhofia taarifa kwamba kiraka kingevuruga uthibitishaji wa watumiaji. Tarehe 2 Desemba huduma ililala: wadukuzi walikuwa wamepita njia ambayo kinga ile ya muda haikuifunga, wakafunga data na kudai fidia. Rackspace haikuirudisha tena huduma hiyo, bali iliwahamishia wateja kwenye Microsoft 365, huduma ya wingu ya Microsoft.

Hata hivyo hofu ya Rackspace haikuwa ya bure. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2022, seva za Exchange 2016 na 2019 ziliacha kupeleka barua kote duniani kwa sababu namba ya toleo la kichujio cha virusi, iliyoandikwa kwa kufuata tarehe, ilikuwa kubwa kuliko nafasi iliyotengewa. Agosti 2023 kiraka cha Exchange kilikwama kwenye seva zisizo za Kiingereza, kikaondolewa na kutolewa upya. Novemba 2024 kiraka kingine kilisimamisha kanuni za kuelekeza barua kwa baadhi ya wateja, nacho kikarudishwa kiwandani.

Kuchelewa kuna hasara na kukurupuka kuna hasara. Kinachonunuliwa kwa fedha za masasisho ni uwezo wa kujaribu mapema na kurudi nyuma ikibidi. Seva isiyo na uwezo huo ni kamari, hata kama mashine yake ni ya bei mbaya.

Masasisho ni ya aina tatu, na kila moja ina gharama yake

Aina ya kwanza ni viraka vya usalama. Huja mara kwa mara, na kazi yake ni saa moja au mbili mambo yakienda vizuri.

Ya pili ni masasisho ya jumla, yanayobadilisha sehemu kubwa ya programu. Tangu 2022 mpango wa Exchange ni kutoa mawili kwa mwaka, na ni matoleo mawili ya mwisho tu yanayoendelea kupewa viraka. Ukiruka mwaka mzima, siku ya dharura utalazimika kwanza kufunga sasisho la jumla, ndipo uguse kiraka chenyewe, huku wadukuzi wakiwa mlangoni. Sasisho hilo la Exchange pia haliondoleki: ukijaribu kuling'oa, unaing'oa Exchange yote.

Ya tatu ni kuhama toleo, pale programu inapofikia mwisho wa maisha yake. Exchange 2016 na 2019 zilifikia mwisho huo tarehe 14 Oktoba 2025. CentOS 7, mfumo uliobeba seva nyingi sana za barua pepe, uliachwa tarehe 30 Juni 2024. Zimbra 8.8.15 iliachwa mwishoni mwa 2023. Kuhama toleo ni mradi wenye bajeti yake, na tarehe hizi hutangazwa miaka kabla. Anayeshtukizwa nazo ni yule ambaye hakuziandika kwenye kalenda siku aliponunua.

Njia nne

*Exchange ndani ya ofisi.* Hii ni njia ya mashirika yenye watumishi wengi, kalenda za pamoja na mahitaji ya kuweka data ndani ya jengo. Toleo linalouzwa sasa ni Exchange Server Subscription Edition, lililotoka Julai 2025, nalo hulipiwa kwa mfululizo: leseni ya seva, leseni ya kila mtumiaji, na Windows Server juu yake. Aliyekuwa na Exchange 2019 iliyosasishwa anaweza kupandisha pale pale, karibu kama sasisho la kawaida la jumla. Aliyebaki na 2016 analazimika kujenga seva mpya na kuhamisha masanduku ya barua. Wote wawili ni wateja wa Exchange. Kinachowatenganisha leo ni toleo walilobaki nalo.

Kusasisha bila kusimamisha kazi kunataka seva mbili zinazosaidiana, yaani gharama ya mashine mara mbili. Na kuna gharama nyingine ambayo wengi hawaijui: kwa ofisi iliyounganisha seva yake na Exchange Online, yaani Exchange ya wingu, tangu 2023 Microsoft imeweka utaratibu wa kupunguza mwendo wa barua zinazopita kwenye kiunganishi hicho kutoka kwenye seva za Exchange zilizopitwa na wakati, na hatimaye kuzikataa. Ukiacha kusasisha, barua kutoka seva yako kwenda kwenye masanduku yenu ya Exchange Online zinaweza kukwama kabla hata mdukuzi hajakufikia.

*Seva ya Linux.* Hapa wapo Zimbra, Mailcow, au mchanganyiko wa Postfix na Dovecot wenye Roundcube mbele kwa wanaosoma kwenye kivinjari. Leseni inaweza kuwa bure. Viraka vya mfumo hufungwa haraka, na Ubuntu ya muda mrefu hupewa matunzo ya miaka mitano. Lakini vipande ni vingi na kila kimoja kina matundu yake. Juni 2019 Exim, moja ya programu za kupeleka barua zinazotumika zaidi duniani, ilikutwa na tundu lililoshambuliwa kwa wingi. Zimbra ilishambuliwa 2022 na tena 2024. Juni 2025 Roundcube iliziba tundu lililokaa ndani yake kwa takriban miaka kumi, na mashambulizi yalianza siku chache baada ya kiraka kutangazwa. Wahenga walisema rahisi ghali. Programu hizi ni nzuri na ni imara kwa mwenye fundi. Kwa asiye na fundi ni deni linalokua kimyakimya.

Jihadhari pia na poti 25, ambayo seva hutumia kupelekeana barua. Kampuni nyingi za kukodisha seva, DigitalOcean ikiwemo, huifunga ili kuzuia spamu. Uliza kabla ya kulipa.

*Barua pepe ya pamoja na tovuti.* Ndiyo njia inayoonekana sana kwa wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala: unanunua domeni na nafasi ya tovuti, barua pepe inakuja humohumo kupitia cPanel, programu ya kusimamia tovuti na barua. Anayesasisha ni kampuni ya hosting, nawe huna neno wala huoni kinachofanyika. Ikiwa ni kampuni makini, cPanel hujisasisha usiku. Ikiwa imebaki kwenye CentOS 7, haiwezi kupanda matoleo mapya ya cPanel, na wewe ndiye unayebeba hatari bila taarifa. Tena unatumia anwani moja ya intaneti na majirani usiowajua. Mmoja wao akituma spamu, barua zako nawe zinaishia kwenye takataka.

*Huduma ya wingu kwa mwezi.* Zoho, Google Workspace na Microsoft 365 hubeba kazi yote ya viraka. Hilo ni jambo kubwa, lakini lisisemwe kupita kiasi. Mwaka 2023 wadukuzi waliiba ufunguo wa Microsoft wa kutia saini na kusoma barua za taasisi takriban 25, zikiwemo wizara za serikali ya Marekani. Hakuna mteja ambaye angeweza kujikinga kwa kiraka. Wala masasisho hayaishi, ila tarehe yake anaipanga mwingine. Oktoba 2022 Microsoft ilianza kuzima njia ya zamani ya kuingia kwa nenosiri pekee, na simu na programu kuukuu zikaacha kusoma barua. Ofisi zilizosoma tangazo mapema zilijiandaa. Nyingine zilijua asubuhi ya tatizo. Hata kwenye wingu, basi, lazima awepo mtu wa kusoma matangazo.

Tupige hesabu

Nachukua ofisi ya watu 20, kwa bei za orodha za Marekani za mwaka 2025, mkataba wa mwaka, kabla ya kodi. Pale VAT inapotozwa, ongeza kwa kawaida asilimia 18 kwa Tanzania Bara na 16 kwa Kenya.

- Zoho Mail Lite, dola 1 kwa mtu kwa mwezi: dola 240 kwa mwaka, kwa sanduku la GB 5.
- Exchange Online Plan 1, dola 4: dola 960, kwa sanduku la GB 50.
- Microsoft 365 Business Basic, dola 6: dola 1,440, pamoja na Teams na hifadhi ya mafaili.
- Google Workspace Business Starter, dola 7: dola 1,680, kwa nafasi ya GB 30 kwa kila mtu.

Sasa seva ya Linux ya kukodi. Tuchukulie mashine na nakala ya akiba ni dola 50 kwa mwezi, yaani 600 kwa mwaka. Hiyo 600 ndiyo inayoandikwa kwenye profoma. Ongeza saa 3 za masasisho kila mwezi na siku mbili kubwa za saa 8 kwa mwaka: jumla saa 52. Fundi akilipwa dola 15 kwa saa, hizo ni dola 780. Gharama ya kweli ni dola 1,380. Weka malipo ya fundi wako halisi na hesabu itabadilika, lakini hapa kazi ya kusasisha ni zaidi ya nusu ya gharama.

Kwa watu 20, basi, seva ya Linux inaizidi Exchange Online kwa dola 420. Usawa unafika kwenye mtu wa 29. Watu wakifika 100, Exchange Online ni dola 4,800. Seva ya Linux, hata tukiipa mashine ya dola 120 kwa mwezi na saa 80 za kazi, ni dola 2,640. Sababu ni kwamba wingu hutoza kwa kichwa, wakati kiraka kimoja hufungwa mara moja tu, seva iwe na masanduku 20 au 200. Kwa hiyo seva yako mwenyewe huanza kulipa pale ofisi inapokuwa kubwa na fundi yupo kweli. Kwa ofisi ndogo, Zoho Lite haifikiwi kwa bei na nyingine yoyote katika hesabu hii, ukiridhika na nafasi yake.

Bei za wingu nazo si za kudumu. Mwaka 2025 Google ilipandisha Business Starter kutoka dola 6 hadi 7, ikaingiza Gemini, akili mnemba yake, ndani yake, mteja atake asitake. Na bei ni ya dola. Shilingi ikishuka, bili inapanda bila barua yoyote.

Wengine hutetea seva ya ofisini kwa sababu ya mtandao kukatika. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Siku kama hiyo seva ya ofisini huendelea kupeleka barua kati ya wafanyakazi wenyewe. Lakini barua za wateja wa nje hukwama kwa wote sawasawa, na umeme ukikatika ni seva ya ofisini inayozimika.

Ratiba inayotekelezeka

Aliyechagua kumiliki seva apange hivi. Viraka vya Microsoft hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, ambayo kwa Afrika Mashariki ni saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea majira ya Marekani. Jumatano soma maelezo ya kiraka na malalamiko ya waliotangulia. Alhamisi kifunge kwenye mashine ya majaribio. Jumamosi usiku kifunge kwenye seva ya kazi. Ikitangazwa kwamba tundu linashambuliwa tayari, ratiba hiyo inawekwa kando na kiraka kinafungwa siku hiyohiyo, kisha zinakaguliwa dalili za aliyekwisha kuingia.

Kwa Linux, viraka vya mfumo vijifunge vyenyewe kila siku; programu za barua zenyewe fundi azifunge kwa mkono wake. Kazi kubwa zisiwekwe karibu na tarehe 20, siku ya mwisho ya ritani za VAT Tanzania na Kenya, wala wiki ya mishahara.

Wakurugenzi wengi hukataa seva kuzimwa kwa kuhofia kupoteza barua. Hofu hiyo iondoke. Kanuni za barua pepe zinaitaka seva inayotuma iendelee kujaribu kwa siku nne hadi tano kabla ya kukata tamaa. Seva iliyozimwa kwa saa tatu Jumamosi usiku kwa kawaida haipotezi barua; zitafika ikiwaka. Hatari iko kwenye seva iliyowaka nusu, inayojibu kwamba mpokeaji hayupo, kwa sababu jibu hilo hurudisha barua kwa mwenyewe papo hapo. Kwa hiyo funga poti 25 kwanza, sasisha, jaribu kwa ndani, ndipo ufungue.

Mpangilio huo unasaidia pia kurudi nyuma. Ukichukua picha ya mashine nzima ya Linux kabla ya kusasisha, unaweza kuirudisha mambo yakiharibika, lakini barua zote zilizoingia baada ya picha zitafutika. Amua kurudi au kubaki kabla ya kufungua poti. Kwa Exchange usitegemee picha ya namna hiyo. Tumia bakapu inayoitambua Exchange, na ujaribu kurejesha sanduku moja walau mara moja kila robo mwaka. Bakapu isiyowahi kurejeshwa usiihesabu.

Maswali kabla ya kusaini

Muuzaji yeyote, wa seva, wa hosting au wa wingu, aulizwe haya na majibu yaingie kwenye mkataba:

1. Toleo hili litaacha kupewa viraka tarehe gani, na kuhama kutalipiwa na nani?
2. Kiraka cha dharura kitafungwa ndani ya saa ngapi, hata kama ni Jumapili au sikukuu?
3. Ni nani kwa cheo anayefunga, na ni nani anayemshikia nafasi akiwa likizo au akiacha kazi?
4. Nakala ya akiba iko wapi, na ilirejeshwa kwa majaribio mara ya mwisho lini?
5. Tukiingiliwa, mtatujulisha ndani ya muda gani? Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka uvunjaji wenye hatari uripotiwe kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72, na Tanzania nayo ina sheria yake ya 2022. Muuzaji asiyekujulisha mapema anakuweka wewe matatani.

Asiye na jibu la swali la pili na la tatu usinunue kwake, hata akipunguza bei.

Nani achague nini

Ofisi isiyozidi watu 25, isiyo na fundi wa kudumu, ichukue huduma ya wingu. Zoho kama barua ni maandishi na mafaili madogo; Exchange Online kama masanduku ni makubwa; Google au Microsoft 365 kamili kama mnahitaji pia kuandika na kukutana mtandaoni. Barua pepe ya hosting ibaki kwa biashara inayoanza, na kwa sharti kwamba kampuni imejibu maswali yale.

Taasisi ya watu 50 na kuendelea, yenye mafundi wawili na si mmoja, inaweza kuokoa fedha nyingi kwa Linux, ilimradi zile saa za masasisho ziandikwe kwenye majukumu yao ya kazi na zilipwe. Exchange ndani ya jengo ibaki kwa wenye sababu ya kisheria au ya kiusalama ya kushika data wenyewe, na wenye bajeti ya seva mbili.

Kama bado mnaendesha Exchange 2016 au 2019, au chochote juu ya CentOS 7, mjadala wa bei umeshapitwa na wakati. Mteueni mtu wiki hii, mpeni tarehe ya kuhama, na muandike gharama yake kwenye bajeti kwa jina lake: masasisho.